Chini ya Dira

Ramani ya Ankara, mwaka hamsini na nne,
ya kukunjwa mara nane itoshe mfuko wa koti la mgeni,
imetandazwa kwenye meza ya Refet, muuza vikuukuu,
kati ya birika lisilo kifuniko
na medali za watu wasiojulikana.
Kona moja imeliwa na panya. Rangi bado zinajitutumua.

Tazama mji ulivyokuwa na haraka!
Askari wa barabarani ni mrefu kuliko wizara,
mbuzi wa manyoya ya hariri amelalia robo ya kitongoji,
peari moja ya manjano ingeweza kuziba reli,
na juu ya nguzo ya Warumi korongo wawili
wanakagua mabasi ya umeme kama mainjinia.
Kila njia mpya ina mti, kila mti una kivuli,
kila kivuli kina bibi mwenye kofia na mkoba.
Hata barabara ambazo hazijamwagiwa kokoto
zimeshapakwa rangi, zinangoja kuzaliwa.

Baba yangu ndiye aliyeichora.
Jina lake halimo. Limo jina la ofisi.

Sisi tulikaa Altındağ, kilima cha nyuma ya ngome,
kwenye nyumba wanazoziita zilizotua usiku,
kwa kuwa sheria ilikuwa na usingizi mzito:
kukikucha paa lipo na moshi unatoka,
mbomoaji hana budi kurudi kwa hakimu kwanza.
Yetu ilitua Jumanne moja ya Machi.
Mjomba Satılmış alibeba dirisha mgongoni, kioo na vyote,
watu tusiowajua wakapokezana matofali,
na mimi, mtoto wa miaka sita, nilikuwa mfuko wa misumari.
Mama aliwasha jiko kabla ukuta wa nne haujasimama.
Moshi ukatoka. Kukapambazuka.
Tukawa na anwani ambayo posta haikuitambua.

Kila asubuhi Baba alishuka kwenda kuuchora mji,
kila jioni mji ulikuwa umemzidi nyumba arobaini.
Akauliza ofisini: kilima hiki nikifanyeje?
Mkuu akakifunika kwa kiganja, bila kuinua macho.
"Weka dira hapo. Dira kubwa."

Mgeni njoo, mwenyeji apone;
ila mwenyeji kwanza asogee pembeni,
anaziba picha.

Basi dira ikatukalia, nyota ya ncha kumi na sita,
buluu na dhahabu, nzuri kupita kiasi.
Baba akaleta nyumbani karatasi ya majaribio.
Mama akatembeza juu yake kidole chenye sabuni:
kituo cha treni, bustani, ziwa la mashua za kukodi,
ngome... "Na sisi?"
Baba akaonyesha nyota.

Siku tatu alimiminiwa chai bila neno.
Usiku wa nne akavaa koti, akarudi kiwandani
kabla bamba la rangi nyekundu halijaingia mtamboni.
Alifika alfajiri, vidole vimewiva kama aliyemenya biringani za siki.
Mama akamtazama vidole. Akaongeza sukari.
Mimi hawakuniambia kitu.

Namwomba Refet lenzi yake.
Pale juu, kwenye K ya kaskazini,
mguu mmoja wa herufi umerefuka kupita haki yake,
mwembamba, umelegea katikati kama kamba,
na kwenye kamba, vitone vitatu vyekundu:
sketi ya Mama, soksi isiyo na mwenzake,
na kile kisweta nilichokikataa, kiliniwasha shingo.

"Aa, hiyo," anasema Refet, "kasoro ya uchapaji.
Nakupunguzia hamsini."

Sikubishana naye.
Ile hamsini niliipitisha duka la jirani,
nikanunua vibanio vya mti.