Ndiyo Imekuwa Kweli

Saa kumi na moja jioni, Februari, Tartu,
giza limekwisha kukaa mezani kabla yetu.
Kompyuta ya baba inanguruma chini ya dirisha
kama paka mzee aliyekataa kufa.
Kwenye kona ya juu ya skrini, hapana kitu.

Ile programu ndogo iliyokuwa ikimwonyesha
joto la prosesa, kumbukumbu iliyobaki,
mbio za feni, nyuzi za baridi nje ya kioo,
imepata toleo jipya, nalo toleo jipya
halisomi mwandiko wa zamani.
"Wamenifukuza kwenye ukuta wangu mwenyewe," asema Endel,
miaka themanini na mmoja, mtoto wa jicho macho yote mawili.

Nafungua faili.
Kazi yenyewe si ya akili, ni ya subira:
kila jina lipate alama ya usawa,
kila neno livishwe nukuu, kila mwisho mkato,
vyote viingie ndani ya mabano yaliyopinda
kama masharubu yake katika picha ya kiwandani.
Nasahau mkato mmoja, mstari wa tisa,
na jumba zima linagoma, bila hata kunitukana.

Na pale alipoandika ndiyo
natakiwa niandike kweli.
Dirisha liwe wazi: ndiyo. Kweli.
Herufi ziwe laini: ndiyo. Kweli.
Kivuli: hapana. Uongo.
Nasita hapo.
Ndiyo ni jibu la mtu aliyeulizwa.
Kweli haikungoja swali la mtu.

Minong'ono yake ya pembeni, iliyoanza kwa alama ya reli,
sasa inaanza kwa vistari viwili:
-- feni hudanganya, usiiamini
-- kijani hiki amechagua Viive
-- baridi ikipita ishirini na tano, funika bomba
Halafu mstari wa themanini na nne, usio na mnong'ono:
kila sekunde thelathini, bisha hodi
kwenye kompyuta ya Kaja, Halifax;
ikijibu, andika yupo, kwa kijani;
isipojibu, hayupo, kwa nyekundu.

Dada yangu aliiacha anwani ile miaka sita iliyopita,
baada ya maneno yaliyosemwa jikoni humu,
ambayo faili halina.
Asiyekuwepo na lake halipo, husemwa.
Hapa lake lipo. Limebishiwa hodi
mara milioni sita na ushei.

Naweza kuufuta. Anayehama hutupa vikorokoro.
Kidole kiko juu ya kitufe.
"Umefika wapi?" anauliza kutoka kwenye kochi.
"Themanini na nne."
Ananyamaza. Nasikia kijiko kikizunguka
ndani ya kikombe kisicho na sukari.
"Huo una nukuu ndani ya nukuu," asema.
"Angalia usivunjike."

Nauhamisha herufi kwa herufi, kama anayebeba yai
kwa kijiko. Nawasha.
Kona inajaa: prosesa asilimia nne,
nje hasi kumi na saba,
feni inadanganya.
Anasogea mpaka pua inakaribia kioo;
maneno hayasomi tena, anasoma rangi.
"Nyekundu," asema.
"Nyekundu."
"Basi inafanya kazi."