Mizani

Mama ana mizani ya chuma, ya sahani mbili,
pale Kongowea, kati ya gunia la mbaazi na la kunde.
Kilo ni kilo, husema, kisha huongeza kijiko juu
ili mteja arudi.
Mimi ni bintiye wa kilo arobaini na tisa.
Kwangu kijiko cha juu ni haramu.

Alfajiri, Tononoka haijafumbua macho,
Kocha Bwanaheri anagonga sakafu kwa kandambili:
hana, dul, set,
na watoto wa Majengo wanaitikia,
Kikorea chenye lafudhi ya Kimvita.
Mikeka yetu imeungwa kwa gundi ya viatu;
mwenye goti bovu ndiye ajuaye penye pengo.
Teke la mzunguko, mguu wa kulia, mara mia.
Kisha wa kushoto, mkaidi kama kaka yangu Mwagandi.
Hatuna zile vesti za umeme zinazojihesabia pointi.
Kwetu pointi ni sauti: pa!
Na kocha akikunja uso, hiyo haikufika.

Viza ilichukua wiki saba.
Nauli ilichukua harambee mbili na pete ya mama,
ambayo tunaambiana iko kwa sonara, inasafishwa.

Tashkenti. Baridi iliyoniingia hadi kwenye meno.
Nje ya hoteli mwanamke aliyejitanda kitambaa anauza mikate ya duara,
imepigwa muhuri katikati, inafuka mvuke,
ameipanga ndani ya kigari cha mtoto mchanga.
Nilisimama mbele yake dakika nzima kama mwizi.
Akanipa mmoja bure. Nikautia mfukoni.
Usiku ule nilipanda na kushuka ngazi
na sweta mbili na koti la mvua,
nikatema mate chupani, gramu kwa gramu,
nikauwaza wali wa nazi
kwa namna isiyo ya heshima.

Bi Mwanahawa, mwalimu wetu wa fasihi, alitufunza
kwamba mizani ni silabi, nane kwa nane,
ikizidi hata moja shairi ni guni.
Basi nikatunga, nimelala chali:

Mama usiku silali, tumbo lapiga kelele,
Mkate ni wa halali, nami sithubutu nile,
Mizani haitujali, kijiko chako ki kule,
Nimekuja huku mbali, kupungua niwe tele.

Asubuhi: arobaini na nane nukta tisa.
Mkate ulikuwa umeshakuwa jiwe.

Mtangazaji aliniita Embeyo.
Mbeyu, ningemwambia, kwetu ni mbegu,
lakini mwamuzi alikwisha kushusha mkono.
Mguu wa kushoto, ule mkaidi, ukatua ubavuni mwa yule msichana: pa!
Ukumbi ulisikia. Bwanaheri alisikia.
Hata yeye alisikia, niliona macho yake.
Ubao haukusikia.
Soksi za sensa nilizoazimwa na Waganda
zilikuwa kubwa kwa namba nzima.
Nikarudia. Pa!
Sifuri.
Nilishindwa kwa pointi moja, kisha kwa mbili.
Nikainama, nikampa mkono kocha wake,
kama adabu itakavyo,
nikaenda kuloweka jiwe langu kwenye chai ya rangi
na kulila lote, pamoja na muhuri.

Nyumbani Kisauni, mama hakuuliza matokeo.
Alinishika mashavu kwa vidole vyenye vumbi la kunde,
akayapima huku na huku,
akasema: Wamekupunja.

Akaleta mahamri.
Nikala manne bila kusema neno.
La tano nikalishika tu, bado la moto,
nikihesabu miezi kwa vidole vya mkono wa pili:
mashindano yajayo ni Oktoba.