Maua ya Bati

Tuliingia Caleta Amarga siku ya thelathini na moja,
midomo imepasuka kwa chumvi,
wanafunzi ishirini na wawili wa merikebu ya milingoti mitatu
na mwalimu wa hesabu aliyekuwa akitapika tangu ikweta.

Mji ule: mstari mmoja wa nyumba za mbao,
nyuma yake mlima mtupu, na nyuma ya mlima, mlima.
Jani hakuna. Hata mbwa wana rangi ya vumbi.
Wouter akasema, "Mungu alifika hapa rangi imemwishia."
Tukacheka, maana tulikuwa tumefika.

Nchi kavu ilikataa kutulia.
Niliushika ukuta wa ofisi ya forodha kama mlevi,
na mtoto mmoja akaniiga kwa nyuma,
hatua kwa hatua, kwa ustadi mkubwa.

Zamu yangu ilikuwa ya vitunguu.
Vitunguu kilo arobaini, ndimu, na kama yapo, mayai:
mpishi alikuwa ameandika nyuma ya ramani kuukuu.
Duka lilikuwa la mama mmoja, Zunilda.
Vitunguu upande huu, na upande ule maua,
mawaridi, mayungiyungi,
yote ya bati, yamekatwa kwenye makopo ya dagaa na maziwa;
ukigeuza petali unasoma tarehe ya kuharibika.
"Ya makaburini," alisema. "Ya kweli hapa hayafiki jioni."

Akauliza huko baharini kukoje.
Kihispania changu kilikuwa cha darasani, kimevaa tai,
lakini nikamsimulia usiku mmoja wa mvua,
mvua ya kumwagwa, si ya kunyesha,
sisi tukifunga vifuniko huku tukiilaani,
soksi zikielea vyumbani kama samaki wavivu.

Mkasi ukasimama.
"Usiku kucha?"
Usiku kucha.
"Yote baharini?"
Nikatazama vitunguu.
Nyuma yake pipa la buluu, limeandikwa kwa chaki: Jumanne.
Ndiyo siku ya lori la maji.

"Israfu gani hii," akasema, si kwangu,
bali kama mtu anayemsema jirani
ambaye hata hivyo kesho atamwazima chumvi.

Bei ya vitunguu alinipunguzia. Ya ndimu alikataa katakata.
Kisha akalichomeka ua moja kwenye gunia:
"Ikinyesha tena, litoe nje.
Lina miaka sita. Halijawahi kulowa."

Nilisahau. Huo ndio ukweli.
Lilikaa mfukoni mwa koti
likinichoma ubavu kila nilipoinamia kamba,
nami nikilaumu kamba.

Siku ya kumi na tisa tangu tung'oe nanga, zamu ya saa tisa usiku,
nyota zikazimika upande mmoja, halafu zote.
Wenzangu walikimbilia makoti.
Mimi koti nilikuwa nalo. Nikatia mkono mfukoni.

Nililifunga kwenye kamba ya mlingoti wa kati.
Halikufanya muujiza. Lililia tu,
ta, ta-ta, ta,
kama paa la nyumba ndogo mno,
nyumba ya mtu mmoja,
katikati ya maji yote yale.

Daftari la zamu lina safu ya mvua.
Niliandika: ndiyo.
Kulipokucha kutu ilikuwa imeanza,
penye tarehe.