Daftari la Mvua, Kilembe

Mama aliisoma mvua
kama wengine wasomavyo barua za benki:
saa tatu kamili asubuhi, miwani puani,
ameinama juu ya chupa ya kipimamvua
nyuma ya nyumba za wachimba shaba,
kando ya uzio wa matete ambao mbuzi wa Masereka
aliutafuna hadi ukabaki mswaki.

Milimita kumi na nne.
Milimita mbili nukta tatu.
Ikilowesha tu kioo bila kupimika: *dalili*.

Miaka ishirini na tisa.
Katika safu ya mwisho, palipoandikwa MAELEZO,
aliandika: ngurumo.
Aliandika: ukungu mpaka adhuhuri.
Hakuandika kamwe: huzuni.

Mimi nilikuwa msichana wa vitabu.
Kwangu mvua ililia, upepo ulipiga kite,
Nyamwamba uligombana na mawe yake kama wake wenza,
na theluji ya Nzururu kule juu
ilikuwa mvi za mtu aliyekataa kushuka nyumbani.
Nikamsomea. Alisikiliza huku akichambua maharage,
akatupa changarawe moja mlangoni.
"Mto hauna ugomvi, Kabugho," akasema.
"Una mteremko."

Usiku ule Nyamwamba ulipokuja na miamba mdomoni
(unaona? hata leo naupa mdomo)
ulichukua daraja, jiko la Mbambu, migomba yetu ya bondeni
na Kitsa, mdogo wangu,
aliyekuwa amerudi kumfungua ndama.

Asubuhi jua likatoka safi kabisa.
Shorobo akapita juu ya tope, mabawa yake mekundu wazi,
kama mtu ambaye hajafikiwa na habari.
Nilimchukia ndege yule.
Nilitaka mlima upige magoti.
Nilitaka hata siafu wasimame kidogo, kidogo tu,
kama watu wa Kasese wanavyosimama kando ya barabara
gari la maiti likipita.
Siafu walikuwa wakihamisha mayai.

Na mama akavaa viatu vyake vya mpira.
Kipimamvua kilikuwa bado wima, tope hadi shingoni.
Saa tatu ilikuwa imefika. Akakifuta kwa kanga,
akainama, akasoma.

Sikumsamehe. Miaka mingi, sikumsamehe.

Juzi, yeye naye tukiwa tumeshamlaza chini ya mibuni,
nilifungua sanduku la madaftari
nikaitafuta tarehe ile.
Wino wa bluu, mwandiko usiotetemeka:
milimita sita nukta mbili.
Sita! Mvua ya kulowesha kitambaa cha kichwa.
Kumbe iliyomuua Kitsa ilinyesha juu,
kwenye malobelia na ndevu za kuvu,
mahali ambapo hakuna chupa wala mtu wa kuinama.

Kwenye safu ya maelezo hapakuwa na neno.
Ila nilipopitisha kidole
karatasi ilikuwa na malaika, kama shavu:
aliandika, akakwangua kwa wembe,
akaandika tena, akakwangua,
mpaka pale pakawa pembamba hivi
kwamba nilipoinua ukurasa dirishani
mwanga ulipita,
na nyuma yake nikauona mlima, kipande,
ukubwa wa neno moja.

Leo saa tatu nimeinama mimi.
Mikaratusi ilikuwa ikinong'ona.
Hapana. Ilikuwa ikisuguana.
Chupani, maji kimo cha ukucha,
na mdudu mmoja aliyezama, mweusi, mdogo kama nukta.
Nimemtoa. Nimeandika namba.
Kisha nimekaa na kalamu juu ya safu ya mwisho,
mkono umepoa, chai imepoa,
na mto pale chini unateremka,
unateremka.