Kitabu Nambari 212

Shule yetu, Michigan ya juu, ilijengwa kwa fedha ya shaba
mwaka ule mgodi ulipomeza watu saba
na kampuni, kwa haya, ikatoa matofali.
Maktaba ikawekwa chini, ukuta mmoja na tanuri.

Usiku wa Februari tanuri likapasuka.
Aune Kettunen, mkutubi, hakungoja mtu:
alivunja dirisha kwa kiti
akarusha vitabu thelujini,
kamusi, hesabu, ramani za nchi zilizokwisha kufa.

Mji mzima ukavianika jikoni,
kando ya soksi za wachimbaji.
Vikarudi vyote.
Kasoro kimoja.

Mgodi ulifungwa. Madarasa yakang'oka moja moja, kama meno.
Leo wanaibomoa, nami nimekuja na mfuko wa plastiki:
elimu ya nyota, kurasa zimejikunja, moshi bado unanuka,
na kadi yenye jina la babu yangu, Urho,
aliyeapa hadi kaburini kwamba kiliungua.

Hakuna meza. Hakuna mhuri.
Nikamwuliza dereva wa tingatinga faini ni kiasi gani.
Akazima injini,
akafuta mikono kwenye suruali,
akakifungua katikati.