Mguu Ulitangulia Nyumbani

Saa nne na robo usiku treni ya Kisumu huingia Nakuru,
ikihema kama fahali aliyefukuzwa shamba la watu,
na sisi wa wodi ya keya hunyamaza,
hata yule kijana wa Nyasa anayelilia maji.
Mimi huondoka nayo.
Njoro, Molo, Londiani,
naviita vituo midomo ikiwa imefumbwa,
Muhoroni, Kibigori, Kibos,
Kisumu nabadilisha, nashika njia ya Butere,
nashuka Luanda, na hapo ndipo ninapokwama kila usiku:
kutoka Luanda hadi kwetu Maragoli ni mwendo wa miguu.

Miguu.

Sista hupita na taa. "Lala, Lugalia."
Nalala. Kisigino kinaniwasha,
kile kilichobaki Bama, ndani ya ndoo nadhani.
Sikuuliza ndoo ilimwagwa wapi.

Barua zangu huandikwa na Koplo Musembi, kitanda cha pili,
mwenye jicho moja na hati nzuri kuliko ya karani wa boma.
Nikisema, "Waambie sijambo,"
yeye huandika, "Sijambo kabisa, nazidi kunenepa,"
na chini, bila ruhusa:
"Mimi mwandishi nawasalimu pia. Je, huko mvua ipo?"
Siku hizi mama humjibu yeye kwanza.

Miezi minne niliwaficha.
Nilisema jeraha dogo. Nilisema goti.
Mwishowe Musembi akaweka penseli chini:
"Ndugu yangu, siku utakaposhuka Luanda, goti litajisemea lenyewe."
Basi tukaandika. Umekatwa.
Na mkasi wa serikali, unaokata majina ya mito na milima,
neno hilo haukuligusa.

Jibu lilikaa njiani wiki saba.
Aliliandika mwalimu wa misheni, kwa hiyo lilianza na Bwana Yesu,
lakini mstari wa nne nikamsikia mama, Muhonja binti Kisia,
akimsukuma mwalimu kwa kiwiko:
"Umeuacha wapi? Nani aliuzika?
Mtu hazikwi nusu ugenini, nusu kwao.
Nimetoa suruali yako ya Jumapili, nikaipima,
nikakata kigogo cha mgomba cha urefu huo,
tumekizika nyuma ya nyumba, upande wa babu yako.
Mwalimu alikataa kuomba. Tumeomba wenyewe.
Mguu wako umelala kwao sasa, nawe ulale.
Jioni ile ile mvua ilinyesha. Mwambie Musembi."

Musembi akasoma, akarudia,
akacheka mpaka bendeji ya jicho ikalowa,
nami nikacheka,
dresa akaja mbio akidhani tunakata roho.

Nikikunja bahasha, uzi ukaanguka.
Uzi mweusi wa cherehani, umepigwa fundo kila ncha.
Wa Kadenyi, mke wangu, asiyempa mwalimu maneno yake ayabebe,
maana mwalimu ana mdomo na mdomo wake una kijiji kizima.
Pembeni, maneno machache tu:
"Kadenyi asema huu ni urefu wa Imali."

Imali, niliyemwacha tumboni.

Taa ilipopita niliunyoosha uzi juu ya blanketi,
fundo la kwanza penye nyonga,
ukashuka, ukashuka,
mahali blanketi lilipolala bapa,
na fundo la pili likatua pale pale
kilipokuwa kidole gumba.

Sikumwamsha mtu.
Nililala nimeushika hivyo, kama anayeshika mtoto asianguke kitandani.

Saa nne na robo. Treni.
Molo, Londiani, Muhoroni. Luanda nikashuka,
na sikukwama.

Musembi, uko macho? Washa kiberiti, andika.
Andika: mahindi ya mwaka huu yakoje.
Hapana, futa.
Andika: Kadenyi, mpime tena.
Uzi huu ni wa wiki saba zilizopita,
na mtoto hangoji posta.