Nukta Tatu

Somoe,
sufuria yako ninayo mimi.
Ile ya kilo tano za mchele, mfuniko umebonyea,
nukta tatu za rangi ya kucha kitakoni, chini ya masizi,
ili shughuli ikiisha isipotelee kwa watu.

Sikuinunua. Niliibeba.
Alhamisi ile tulikuja kwako wanne:
mimi, Biti Nampota, Asumini, na mwenyekiti Fatu Mkapunda.
Kijana wa mikopo alibaki nje juu ya pikipiki,
kofia ngumu kichwani, macho kwenye simu.
Hakugusa kitu. Hajawahi kugusa kitu.
Mikono ilikuwa yetu.

Ulikopa laki tatu, nani asiyejua?
Daftari nalishika mimi, mwandiko wangu.
Salfa, vibarua wa kupalilia, kilichobaki sare za watoto.
Rejesho elfu ishirini, wiki kumi na nane,
la kwanza Alhamisi inayofuata.
Siku ile ulisema,
"Jamani, mkorosho hauzai kila Alhamisi."
Tukacheka wote. Hata kijana alicheka,
kisha akakuonyesha pa kuweka dole gumba.

Tusidanganyane: bati lililo juu ya kichwa changu
ni la mkopo huohuo.
Asumini ana friji pale stendi, anauza barafu,
na mwanawe yupo chuoni Nachingwea.
Fedha ile haina roho mbaya.
Haina roho.
Ina siku tu.

Mwezi wa saba ukungu ukalala Kitangari hauondoki,
ubwiri ukashika maua,
yakawa kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka.
Ukalipa kwa kuku.
Ukalipa kwa doti za khanga ulizomwekea binti, za unyago.
Ukakopa kwa wale wa kausha damu ili utulipe sisi,
ukauza kwa kangomba korosho ambazo hazijakuwa korosho.
Kisha ukaja mikono mitupu,
tukafungiwa ofisi ya kijiji mpaka alasiri.
"Kikundi ni mtu mmoja," kijana alisema, kwa upole kabisa.
Mwanangu alikuwa na homa nyumbani.
Nilikuchukia, Somoe. Ninaandika na hili.

Hatukukukuta.
Ndoo ya maji ilikuwa imejaa mlangoni,
na huku kwetu, maji ya kununua,
mtu haachi ndoo imejaa ila ameondoka usiku.
Tukajua umeteremka, umeelekea Ruvuma.
Godoro. Redio. Sufuria.
Ndoo tuliiacha. Sijui kwa nini ndoo tuliiacha.

Jumamosi tukavipanga sokoni.
Watu walikuja, wakainama,
wakaigeuza sufuria, wakaona nukta tatu,
wakairudisha chini taratibu
kama wamebebeshwa mtoto wa mtu.
Hakununua hata mmoja.
Tukachanga wenyewe, deni likafutwa,
na kijana akatoa fomu mpya kwenye mkoba.

Nilijaribu kuifuta rangi kwa mafuta ya taa.
Imefifia, haijatoka.

Juzi Biti Nampota kafiwa na mumewe.
Nikaitoa, ningefanyaje, wali wa watu ulihitaji chombo.
Baada ya matanga tulichuchumaa uani
tukisugua kwa mchanga na majivu,
na binti mmoja, kaolewa huku juzi tu, hajui habari zetu,
akawa anazigeuza moja moja, anawaita wenyewe.
"Herufi F?"
"Yangu."
"Mstari wa buluu?"
"Wa kwangu huo, lete."
"Nukta tatu?"

Kuku walikuwa wanadonoa ukoko.

"Nukta tatu nyekundu, ya nani jamani?"

Asumini akainamia mchanga. Fatu akainamia mchanga.
Mwenye msiba alikuwa ndani, lakini kilio chake kilinyamaza.
Nikainua mkono.